Siku Matanga Yalipoingia Darasani

Grupu letu la darasa lilikuwa limekufa kabla ya Mwalimu Odongo kufa. Tangu tumalize kidato cha nne hakuna aliyeandika neno humo, isipokuwa mmoja wetu aliyekuwa akituuzia viatu, naye alichoka. Wiki iliyopita nikiwa kazini Nairobi, ninakopokea simu za wateja wenye hasira kutoka asubuhi mpaka jioni, simu yangu mwenyewe ikaanza kutetemeka mfukoni na haikunyamaza. Mwalimu amefariki. Atazikwa kwao, upande wa Seme. Walio mbali watatumiwa linki. Neno hilo linki ndilo lililonifanya nicheke, nimesimama kwenye korido ya ofisi na machozi yananitoka, na mwenzangu mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza kama nimepata habari njema au mbaya. Ili aelewe ingebidi nimsimulie mwaka mzima wa 2020, na yeye alikuwa anawahi chai.

Najua umri wangu si wa kuandika kumbukumbu. Wanaoziandika huwa wameshastaafu, wana wajukuu na maradhi ya miguu. Lakini sisi tulioketi nyumbani kidato cha tatu tuna mwaka mmoja ambao hatukuuishi kama watu wengine walivyoishi wao, na nikikutana na mtu wa rika langu, hata simjui, tukifika hapo tunaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja na lake. Habari za nani alinizaa na kwa nini nililelewa na shangazi nitaziruka, hazisaidii kitu hapa. Inatosha kujua kwamba shule zilipofungwa nilibeba sanduku langu la bati kutoka bweni na kwenda Mamboleo, mtaa wa pembeni mwa mji, kwenye chumba cha Waya. Hivyo ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, na yeye hakuwa na jina lingine mdomoni mwangu.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia la maua ya njano. Upande wa huku kulikuwa na makochi mawili yaliyovishwa vitambaa vyeupe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuviegemea, meza, na kabati la vyombo vya wageni. Upande wa pili kitanda, jiko la gesi, na marobota ya nguo za mitumba yaliyofika hadi karibu na dari. Marobota hayo niliyaona yakipungua wiki hadi wiki, kwa kuwa mengine yalikuwa hayaji tena nchini, mpaka siku moja dirisha lililokuwa nyuma yake likaonekana. Waya alilitazama dirisha hilo kwa muda mrefu. Kesho yake alianza kuuza vitunguu na nyanya mlangoni. Kuanzia hapo maisha yetu yote yalinuka vitunguu, hata madaftari yangu, na simu yake ikawa ndiyo duka, maana wateja walimpigia awapelekee wasije kubanana sokoni. Simu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu.

Darasa lilianza kama mzaha. Mwalimu Odongo wa hesabu, ambaye shuleni alikuwa akituonya kwamba simu itatumaliza, alikuwa wa kwanza kututumia picha za ubao pamoja na sauti yake akieleza. Kisha akajifunza mambo ya video, na mara tatu kwa wiki tukawa tunaingia kumwona ameketi sebuleni kwake, ubao mdogo umetundikwa juu ya kochi, yeye amevaa koti na tai kama yuko paredi. Hakuwahi kuvua tai hiyo. Nyuma yake ungesikia jogoo, au mke wake akigombana na mtu wa maji. Sisi nasi tulisikika. Niliyajua maisha ya wenzangu mwaka ule kuliko miaka yote ya bweni: nani baba yake anakohoa, nani wanakula chapati, nani nyumbani kwao wanazungumza kwa kupiga kelele tu. Mimi nilijulikana kwa jina lililokuwa kwenye simu ya Waya, Mama Vitunguu Fresh, na mpaka leo kuna watu wazima wanaoniita hivyo.

Atieno hakuonekana wala kusikika. Alikuwa rafiki yangu kabla ya shule, kwa sababu kwao Kombewa kumepakana na boma la Dani Perpetua, bibi yangu aliyemlea Waya, na likizo zote za utotoni nilizimalizia huko. Bwenini vitanda vyetu vilikuwa jirani. Kwao kulikuwa na kabambe moja tu, simu ya vibonye ya baba yake, ambayo haikuweza kuonyesha picha ya chochote. Kwa hiyo tulifanya hivi: nilichukua kabambe ya Waya, maana naye alikuwa nayo ya pili, nikampigia Atieno, nikailaza kitandani karibu na ile simu kubwa, na Mwalimu akisema Atieno anasikia. Tatizo lilikuwa ubao. Hesabu za kidato cha tatu ni za kuchora, na Mwalimu alikuwa na tabia ya kusema "hii hapa ikikutana na hii hapa" huku anagonga kwa chaki. Basi mimi nikawa macho ya Atieno. Nilifunga maiki na kunong'ona kwenye kabambe: chora duara, kubwa kama mdomo wa kikombe, sasa mstari unaoligusa upande wa kulia lakini hauingii ndani, hapo walipogusana andika A. Yeye alijibu "tayari", na mimi nikiwa bado sijachora wangu. Waya alikuwa akipita na sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe ndiyo tuliyokula mchana karibu kila siku, na alizoea kuniuliza kama sasa ninafundisha au ninafundishwa.

Upande wa Atieno mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mtandao kwao ulikuwa na mahali pake pa kukaa, nyuma ya jikoni, karibu na tangi la maji, na hapo ndipo alipokaa na daftari magotini, simu ameibana kati ya sikio na bega. Baba yake, Mzee Ochola, alikuwa fundi wa kujenga, na mwaka ule hakuna aliyekuwa akijenga. Mtu aliyezoea kutoka alfajiri na kurudi jioni akawa yupo nyumbani siku nzima, anaona kila kitu. Aliona binti yake anazungumza na simu kwa sauti ya chini mara tatu kwa wiki, anatabasamu, anasema "imegusa, ndiyo, nimeona." Akaamua ni mvulana. Atieno alipomwambia ni darasa, akauliza mwalimu yuko wapi. Yuko kwenye simu. Simu gani, hii? Hapana, ya shangazi ya rafiki yangu, Mamboleo. Nadhani hata mimi ningekuwa mzazi nisingeridhika na jibu hilo.

Hakuwa mtu mbaya. Ninasisitiza kwa sababu nikisimulia hadithi hii Nairobi, watu hutaka awe mbaya. Alikuwa amemsomesha Atieno kwa mikono yake, na sasa mikono haikuwa na kazi. Dada wa mkewe alikuwa na hoteli ndogo Sondu, akatuma ujumbe kwamba anahitaji msichana wa kumsaidia, atakula na kulala hapo hapo. Mzee Ochola aliona kwamba shule imekwisha, ila watu wanaogopa kusema. Mama yake Atieno alimbembeleza, na mwishowe mzee akatoa sharti lake. Atieno alinisimulia akiwa pale kwenye tangi, na ninakumbuka alivyoiga sauti yake.

"Alisema hivi: mimi sitaki kuambiwa na mtoto. Mwalimu akuone na macho yake, aseme wewe bado ni wake. Akisema, nanyamaza. Asiposema, wiki ijayo unaenda Sondu."

Ilionekana kama inawezekana, kwa sababu wiki hiyo hiyo Mwalimu alikuwa ametangaza mtihani. Alikuwa ameshagundua kwamba tunaandika "nipo" kwenye grupu kisha tunarudi kulala, na akaapa kwamba siku ya mtihani kila mtu atafungua kamera aonekane sura. Asiyeonekana atamhesabu ameacha shule, na jina lake atalipeleka kwa mwalimu mkuu hivyo. Tukapanga Atieno aje Mamboleo Ijumaa asubuhi, tukae kitandani wawili mbele ya simu moja, aonekane, na kisha tumwombe Mwalimu azungumze na Mzee Ochola. Waya alikubali. Alisema atapika samaki, kwa kuwa mtoto wa watu hawezi kutoka Kombewa aje kula nyoyo.

Jumanne Dani Perpetua akafa. Alikuwa mzee na alikuwa mgonjwa, wala si ule ugonjwa wa mwaka huo, lakini nyakati zile kila aliyekufa alizikwa upesi na watu wachache, asubuhi, chifu akiwa amesimama hapo anatazama saa. Chifu aliruhusu watu wa boma na majirani wa kufanya kazi basi. Waya, aliyebebwa mgongoni na mwanamke huyo, hakuwa kwenye hesabu. Alikaa kwenye kochi akiwa ameegemea kile kitambaa cheupe ambacho hakiegemewi. Nairobi ilikuwa imefungwa, haitoki mtu, kwa hiyo wanawe Dani na wake zao nao wakabaki huko. Kijana mmoja wa Kombewa aliyekuwa akipiga video za harusi akasema ataleta tableti na spika kubwa, aliye mbali aone mazishi, na akitaka kusema neno asikike. Mazishi yakawekwa Ijumaa.

Mzee Ochola ndiye aliyeitwa kujengea kaburi. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu Machi. Atieno alipomkumbusha kuhusu safari ya Mamboleo, alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Mimi niko ndani ya kaburi ya jirani na msichana yangu anapanda gari anaenda town?" alimuuliza. Kwetu huwezi kuondoka siku boma la jirani lina kilio. Atieno alipewa kazi ya kukaa langoni na mtungi wa maji na sabuni, kila anayeingia anawe. Alinipigia Alhamisi jioni akaniambia basi, nisihangaike. Alisema Sondu si mbali sana. Nilikasirika. Nilimkasirikia Dani kwa kufa Jumanne, na nikaona aibu, kisha nikakasirika tena.

Asubuhi ya Ijumaa Waya alikuwa na macho mekundu na nyanya za wateja hazijapangwa. Kwenye simu yake kulikuwa na linki mbili. Moja ilitoka kwa Mwalimu, nyingine kwa yule kijana wa video, na Waya, ambaye ukoo wote ulimtegemea kwa mambo ya simu, ndiye aliyepaswa kuwatumia wengine. Nilikuwa nje nachota maji. Alituma, akaandika chini yake: Hapa ndipo Dani anazikwa, ingieni nyote. Halafu akanipa simu akisema nifanye mtihani wangu upesi kisha nimrudishie aone japo mchanga ukimwagwa. Akatoka kwenda kwa vitunguu vyake. Alikuwa akilia bila sauti.

Mwalimu alikuwa tayari, koti na tai. Ubaoni alikuwa ameandika maswali ya kwanza, tarakimu tupu kutoka juu mpaka chini. Alituita majina na kila mmoja akafungua kamera, na tukaonana: mwingine anachana nywele, mwingine yuko shambani, mwingine ameketi stoo kati ya magunia. Alipofika kwa Atieno akaita mara ya kwanza. Akaita ya pili. Nikafungua maiki nikasema yuko matangani. Mwalimu akashusha pumzi, akasema siku hizi kila anayekosa yuko matangani, na kama kila bibi aliyetajwa kwake mwaka huu amekufa kweli basi Nyanza nzima haina bibi. Wengine wakacheka. Akachukua kalamu, akainamia daftari lake la majina. Nilijua anachotaka kuandika.

Hapo ndipo nduru ilipopigwa.

Lazima nieleze kidogo kwa asiyejua. Kwetu mtu haingii kwenye matanga kimyakimya. Ukifika langoni unapaza sauti, unalia ukimwita marehemu, unaingia mbio, na waliokutangulia wanakupokea. Anayeingia kimya watu humtazama, wanajiuliza kama amefuata chakula. Mke wa mwanawe Dani, Mama Jerusha, aliyekuwa amefungiwa Nairobi na hajalia na mtu tangu Jumanne, alibonyeza linki, akaona mtu mzima mwenye tai na sura nzito ameinama, na akafanya kama anavyopaswa kufanya mtu aliyefika. Sauti yake ilijaa chumba chetu, na sebule ya Mwalimu, na stoo yenye magunia. "Uwi! Dani oseweyowa! Dani ametuacha na nani!" Kalamu ikamwanguka Mwalimu. Kabla hajaiokota, wakaingia wengine wawili, nao wakapiga zao.

Wakaendelea kuja. Shangazi wa Mombasa mwenye kilemba cheusi. Binamu fulani ambaye kamera yake ilionyesha paji la uso tu. Ami yangu wa Nairobi, amevaa suti, ambaye alingoja kilio kitulie kisha akakohoa na kusema, kwa heshima zote, "Bwana Pasta, asante kwa kusimama na sisi. Lakini hii programu umeandika kwa ubao, sisi huku hatuielewi. Ni namba peke yake." Darasa lilikuwa limekufa kwa kicheko. Niliona mabega yakitikisika kwenye vile visanduku vyote, mikono midomoni, na mimi nilitaka ardhi inimeze, kwa maana nilikuwa nimeshawatambua watu wangu mmoja mmoja. Waya aliisikia sauti ya Mama Jerusha kutoka nje. Aliingia na kisu mkononi, akatazama simu, akamwona Mwalimu, akawaona ndugu zake, na akakaa chini sakafuni.

"Yawa," akasema. "Nimepeleka watu wa matanga shule."

Mwalimu angeweza kuwatoa. Kulikuwa na kitufe cha kazi hiyo na alishakitumia mara nyingi kwa wahuni wa darasa letu. Nilimwona akikitafuta kwa macho. Kisha Mama Jerusha akaanza tena, polepole sasa, akisema hakumwona Dani tangu Krismasi, na Mwalimu akaacha kutafuta. Alisimama. Alivua miwani. Sisi tuliomjua kwa hesabu tu hatukuwahi kumwona akisimama vile, mikono mbele, kama mtu aliyefika kwenye boma la watu.

"Pole, mama," akasema. "Kaa kwanza. Umefika."

Akangoja mpaka yule mama akae. Halafu akauliza, kwa upole, kilio hiki ni cha nani, na nikafungua maiki nikasema ni changu, ni bibi yetu, anazikwa Kombewa sasa hivi, na shangazi amekosea linki. Waya alininyang'anya simu aombe msamaha, akaomba kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiingereza kidogo. Mwalimu hakutaka msamaha. Alisema watu hawa wameshalia kwake, na hawezi kuwafungia mlango kwa kidole. Apewe hiyo linki nyingine atawapeleka mwenyewe. Kisha akatugeukia sisi, na kicheko kikakatika. "Form Three. Mtihani imesimama. Mwenye anataka kuja tusindikize hawa watu aje. Maiki zifungwe." Hakuna aliyebaki. Siku hizi nikikumbuka ninafikiri hata wale waliokuwa wakilala waliamka wakaja.

Boma la Dani lilitokea kwenye kioo kidogo cha simu: hema moja, viti vimetengana, kaburi jipya lenye saruji bado mbichi, na chifu. Yule kijana wa video alikuwa ameunganisha spika, na mzee aliyeongoza shughuli aliposikia kuna wageni wengi wameingia kwa mpigo, akauliza ni nani hao. Sauti ya Mwalimu ikatokea juu ya boma lote. Alisema jina lake, akasema yeye ni mwalimu wa hesabu, amewaleta wana wa boma hili waliopotea njia wakafika kwake, na pamoja nao darasa zima limekuja kusema pole. Watu wakaguna kwa kuridhika. Waya alikuwa ameshikilia bega langu kwa nguvu mpaka likauma.

Kijana akaizungusha tableti ili waliopotea waone nani yupo. Ikapita kwa wanawake wa boma, kwa mafundi waliokaa kando na nguo zenye saruji, kwenye lango. Langoni alikuwa amesimama msichana mwenye barakoa, mtungi wa maji miguuni, amevaa sketi na sweta ya maruni. Sweta ya shule yetu. Baadaye aliniambia aliamka akavaa sare, hajui kwa nini, akijua kabisa haendi popote.

"Rudisha hapo kwa lango," Mwalimu akasema. "Hiyo sweta naijua. Huyo ni nani?"

Watu wakageuka. Atieno alitazama nyuma yake kwanza, kama kwamba sweta ilikuwa ya mwingine, kisha akashusha barakoa mbele ya chifu.

"Ni mimi, Mwalimu. Ni Atieno."

"Nilikuwa nimekuita asubuhi. Mara mbili."

"Nilikuwa huku, Mwalimu."

"Sasa nimekuona," akasema.

Kati ya wale mafundi mmoja akasimama. Mzee Ochola alijipangusa mikono kwenye suruali, akasogea mpaka mbele ya tableti, akaitazama kwa karibu sana hivi kwamba tuliona pua yake tu. "Mwalimu, mimi ndio baba yake. Huyu msichana ni wako ama si wako?"

"Ni wangu, Mzee. Bado ni mwanafunzi wangu."

"Sema tena, hawa watu wasikie."

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani alikuwa mkaidi. Matangani ndipo mambo husemwa. Nani atabaki na watoto, shamba linaishia wapi, nani ameahidi nini, yote husemwa mbele ya waombolezaji, na likishasemwa hapo huwezi kulirudisha nyumbani ukalibadilisha jikoni. Mzee Ochola alikuwa akijifunga mwenyewe, na alijua. Mwalimu naye alijua. Alirudia taratibu, kwa sauti yake ya kusomea matokeo, kwamba Atieno binti Ochola ni mwanafunzi wake, na siku shule itakapofunguliwa atamngoja darasani. Spika ililitawanya neno hilo hadi kwenye mihogo ya jirani. Mzee Ochola akaitikia kwa kichwa mara moja, akarudi kuketi. "Tumesikia," akasema yule mzee wa shughuli. "Tuendelee." Na Dani akazikwa, na Waya aliuona mchanga ukimwagwa.

Sondu haikutajwa tena. Jumatatu Atieno alikuja Mamboleo kufanya mtihani uliosimama, tukakaa kitandani vichwa vimegusana ili sote tuonekane, na Waya akatupikia samaki wa mchuzi, ugali na mboga ya osuga, akasimama mlangoni kuhakikisha tunamaliza. Atieno alinishinda. Swali moja tu ndilo lililompotea, la duara, kwa kuwa mimi nilimwambia kulia badala ya kushoto wakati wa somo, na hajaacha kunidai alama hizo. Shule zilipofunguliwa mwaka uliofuata Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, tai ile ile, na alipomwona Atieno hakusema lolote zaidi ya kumwuliza kwa nini amechelewa.

Wakati mwingine ninajiuliza tulijifunza nini mwaka ule. Hesabu nyingi zilipotea, hilo ni kweli, na wenzetu watatu hawakurudi kabisa. Wao hawakuwa na sweta langoni wakati kamera inapita. Hilo huniuma. Hakuna aliyewaonea, ila hakuna aliyewaona pia. Atieno yeye akaja kuwa muuguzi, na kazi ya kwanza aliyopata, mjue dunia ina mizaha yake, ikawa kwenye zahanati moja Sondu. Baba yake aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Alisema basi dada wa mkewe atapata mteja wa chai.

Sikupata ruhusa ya kazini kwenda kumzika Mwalimu. Nilipewa mapumziko ya asubuhi tu, nikabaki chumbani kwangu, na linki ilipofika niliisoma mara mbili kabla ya kuibonyeza, kama anavyofanya mtu yeyote wa ukoo wetu sasa. Waya alikuwa ameshanipigia kutoka Mamboleo kunikumbusha nihakikishe. Atieno alikuwa ametoka Sondu, yuko bomani, na ndiye aliyekabidhiwa simu ya kuwaonyesha walio mbali. Nilikuwa nimepanga kuingia kimya, maiki imefungwa, niandike pole kama watu wa mjini. Kioo kikafunguka nikaona hema, na jeneza, na juu ya jeneza mtu ameweka tai iliyokunjwa vizuri.

Nikapiga nduru. Nilisikia jirani yangu upande wa pili wa ukuta akizima redio. Nililia nikimwita Mwalimu kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ile ile ya Mama Jerusha, na huko Seme watu wakageuka kutazama simu. Atieno akaigeuza, uso wake ukajaa kiooni. Hakucheka.

"Pole," akasema. "Kaa kwanza. Umefika."

Nikavuta kiti, nikakaa.